Kinue Hitomi: Mwandishi wa habari aliyekimbia mita 800 na kuzuliwa uongo

Wengi wetu tuliopitia chuoni tukiwa wadogo tunakijua kisa cha Bwana Mtume (S.A.W.) na Bibi Aisha (R.A.). Walikuwa safarini, Mtume akawaambia masahaba zake watangulie mbele, kisha akashindana mbio na mkewe. Bibi Aisha wakati huo alikuwa mwepesi wa mwili, akamshinda. Miaka ikapita, Bibi Aisha akanenepa, wakashindana mara ya pili, na safari hii Mtume ndiye aliyeshinda. Akacheka, akamkumbusha mkewe kuwa sasa wamelipana.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila yanapotajwa mambo ya wanawake na mbio. Kwani palikuwa na zamani, tena si za mbali sana, ambapo wakubwa wa riadha ulimwenguni waliondoa mbio za mita 800 za wanawake katika michezo ya Olimpiki, kwa madai kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kuzistahimili. Marufuku hiyo ilidumu miaka 32. Ilitokana na mbio moja tu, iliyokimbiwa mjini Amsterdam, nchi ya Uholanzi, tarehe 2 Agosti 1928, na maneno yaliyoandikwa magazetini juu ya mbio hiyo.

Aliyetoka wa pili siku ile alikuwa binti wa Kijapani aitwaye Kinue Hitomi. La ajabu ni kwamba binti huyo mwenyewe alikuwa mwandishi wa gazeti. Maisha yake yalikuwa mafupi mno, miaka 24 tu, lakini ndani ya miaka hiyo mna mafunzo ambayo mtu wa miaka 80 anaweza kuyakosa.

MTOTO WA MKULIMA

Kinue Hitomi alizaliwa siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1907, katika kijiji cha Fukuhama, jimbo la Okayama, magharibi ya Japani. Kijiji hicho siku hizi kimemezwa na mji wa Okayama. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mashamba ya huko yalikuwa ya mpunga na ya nyasi zile ambazo Wajapani husuka mikeka ya kutandika majumbani mwao, na bila shaka mwenyeji wa pwani yetu, ambaye mkeka kwake ni kitu cha heshima, ataielewa kazi hiyo bila ya kuelezwa.

Japani ya siku zile haikuwa nchi iliyomtazamia mtoto wa kike kufanya makubwa. Msichana alisomeshwa kidogo, akafunzwa kupika, kushona na kupanga maua, kisha akaozwa. Wazazi wa Kinue walikwenda kinyume. Walimpeleka sekondari ya wasichana mjini Okayama, naye akawa akienda na kurudi kwa miguu kila siku. Huenda mwendo huo ndio uliompa miguu.

Shuleni alianza kwa mchezo wa tenisi, ambao ulikuwa ukipendwa sana na wasichana wa shule za Japani. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, kimo chake kikifika sentimita 170 alipokuwa mtu mzima, na katika nchi ya watu wafupi wa wakati ule huo ulikuwa urefu wa kushangaza hata kwa mwanamume. Mwaka 1923 aliitwa kushiriki mashindano ya riadha ya jimbo. Hakuwa amepona sawasawa ugonjwa wa beriberi uliokuwa ukimsumbua, lakini alikwenda, akaruka mchangani mita 4.67. Hakuna msichana wa Kijapani aliyekuwa ameruka mbali hivyo kabla yake.

Hapo ndipo yalipoanza mambo mawili yaliyofuatana naye mpaka kaburini. La kwanza ni sifa. La pili ni maneno ya watu.

CHUO CHA TOKYO

Mwaka 1924 Kinue alikwenda Tokyo, akaingia chuo cha mazoezi ya mwili kilichoanzishwa miaka miwili nyuma na mwalimu Bi. Tokuyo Nikaido. Mama huyu alikuwa amesomea kazi hiyo Uingereza, akarudi kwao na nia ya kuwafunza wasichana wa Kijapani wawe na afya njema ili wazae watoto wenye afya. Mwanzoni mwalimu hakuwa akifikiria mashindano. Lakini alipokiona kipaji cha mwanafunzi wake alimwachia nafasi, na mwaka huo huo Kinue akaruka hatua tatu umbali wa mita 10.33, ambao hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amejulikana kuufikia.

Baada ya masomo alifundisha kwa muda, kisha mwaka 1926 akaajiriwa na gazeti kubwa la Osaka Mainichi. Gazeti hilo lilikuwa likipenda sana habari za michezo, na kumpata mwandishi ambaye pia ni mwanariadha lilikuwa jambo la fahari. Hivyo Bi. Hitomi akawa mtu wa kalamu na viatu vya miba kwa wakati mmoja. Asubuhi anakimbia, mchana anaandika.

BI. MILLIAT NA MICHEZO YA WANAWAKE

Kabla ya kuendelea hatuna budi kumtaja mama mwingine, kwani bila yeye Bi. Hitomi asingekuwa na pa kwenda. Huyo ni Alice Milliat wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1884. Mfaransa mwenzake, Pierre de Coubertin, ambaye ndiye aliyeihuisha michezo ya Olimpiki, hakutaka kabisa wanawake washindane katika riadha. Bi. Milliat alipokataliwa hakukaa akilia. Mwaka 1921 aliunda shirikisho la kimataifa la michezo ya wanawake, na mwaka uliofuata akaandaa mashindano yake mwenyewe mjini Paris, akayaita Olimpiki ya wanawake. Watu wapatao elfu ishirini walikwenda kutazama.

Wakubwa wa Olimpiki walikasirika kwa jina lao kutumiwa. Kukawa na mashauriano, Bi. Milliat akakubali kulibadili jina, nao wakakubali kuingiza riadha ya wanawake katika Olimpiki ya mwaka 1928. Kwa hiyo mashindano yake ya pili, yaliyofanywa Gothenburg, nchi ya Sweden, mwezi Agosti 1926, yaliitwa Michezo ya Dunia ya Wanawake.

Japani ilimpeleka mshindani mmoja tu. Kinue Hitomi, umri miaka 19, alipanda gari moshi akavuka Siberia yote, safari ya majuma, mpaka akafika Sweden. Huko alishinda kuruka mbali kwa mita 5.50, ambayo ilikuwa rekodi ya dunia. Akashinda pia kuruka mbali kwa kusimama, bila ya kukimbia kwanza. Katika kurusha kisahani akawa wa pili, na katika mbio za yadi 100 akawa wa tatu. Hapakuwa na mwanamke mwingine uwanjani aliyekusanya pointi nyingi kama yeye, na Bi. Milliat mwenyewe akamtunukia zawadi ya heshima.

Fikiria, msomaji, msichana wa shamba asiye na mwenzake wa kuzungumza naye lugha yake katika mashindano, akisimama mbele ya umati wa Wazungu na kuwapita wote. Aliporudi kwao jina lake lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

MASHAKA YA AMSTERDAM

Ahadi ya Olimpiki ilipotimizwa ilitimizwa nusu. Bi. Milliat aliomba mashindano kumi ya wanawake, yakatolewa matano: mita 100, mita 800, mbio za kupokezana vijiti, kuruka juu na kurusha kisahani. Wanariadha wa kike wa Uingereza waliudhika kwa uchache huo wakakataa kwenda.

Kwa Bi. Hitomi hasara ilikuwa kubwa zaidi. Yeye sifa yake ya kwanza ilikuwa kuruka mbali. Mwezi Mei 1928, mjini Osaka, alikuwa ameruka mita 5.98, rekodi ya dunia ambayo haikuvunjwa mpaka mwaka 1939. Mchezo huo haukuwamo Amsterdam, na haukuingizwa katika Olimpiki ya wanawake mpaka mwaka 1948, yeye akiwa amekwisha kuzikwa zamani. Kwa hiyo matumaini yake, na ya taifa lake, yote yaliwekwa katika mita 100, ambazo alikuwa amezikimbia kwa sekunde 12.2 siku ile ile ya Osaka.

Tarehe 30 Julai alishinda mchujo wake. Katika nusu fainali akatoka wa nne, na safari yake ikaishia hapo. Sekunde zile zile 12.2 alizokwisha kuzikimbia kwao ndizo zilizompa ushindi siku ya pili yake Betty Robinson, msichana wa Kimarekani mwenye miaka 16.

Wanaojua maisha ya wachezaji wanajua kuwa kushindwa ni sehemu ya mchezo, na wahenga wetu wamesema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini Bi. Hitomi hakushindwa kwa nafsi yake tu. Alikuwa mwanamke pekee katika kundi zima la Japani. Aliona kwamba akirudi mikono mitupu, wale waliokuwa wakinong'ona kuwa msichana hana kazi uwanjani watapata la kusema, na mlango utafungwa kwa wadogo zake wote. Usiku ule alilia sana.

Asubuhi akawaendea viongozi wa timu na ombi moja. Jina lake lilikuwa limeandikwa pia katika mbio za mita 800. Aruhusiwe akimbie. Viongozi walisita, na walikuwa na haki ya kusita, kwani yeye alikuwa mtu wa mbio fupi na miruko, na masafa hayo hakuwa na mazoea nayo. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Haziwezi kukimbiwa kwa nguvu zote kama mita 100, wala haziendewi polepole kama mbio ndefu. Ni lazima mtu ajue pa kujizuia na pa kujiachia, na hilo hufunzwa kwa miezi mingi. Mwishowe walikubali.

MIZUNGUKO MIWILI

Tarehe 1 Agosti alipita mchujo. Siku ya pili yake, wanawake tisa walijipanga kwa fainali. Aliyetazamiwa kushinda ni Mjerumani Lina Radke, mwanamke wa miaka 24 aliyefundishwa na mumewe, na ambaye ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 19.6.

Mzunguko wa kwanza Bi. Hitomi alikaa nyuma, wengine wakiongoza. Katika mzunguko wa pili Radke alijitoa mbele akaanza kuwaacha. Hapo ndipo mgeni wa masafa yale alipoanza kuwapita wenzake mmoja mmoja, mpaka walipoingia mkondo wa mwisho akawa anamfukuza Mjerumani peke yake. Miguu ilikuwa imekwisha, akawa akiendeshwa na mikono na moyo tu.

Radke alifika wa kwanza kwa dakika 2 na sekunde 16.8. Hitomi alikuwa nyuma yake kwa dakika 2 na sekunde 17.6, na Inga Gentzel wa Sweden wa tatu kwa dakika 2 na sekunde 17.8. Yaani wote watatu waliipita rekodi ya dunia iliyokuwapo. Kutoka wa kwanza mpaka wa tatu palikuwa na sekunde moja tu. Rekodi ya Radke nayo ikakaa miaka 16.

Nyuma yao kulikuwa na jambo la kupendeza ambalo halikuandikwa sana. Wakanada wawili, Jean Thompson na Bobbie Rosenfeld, walikuwa katika mbio hiyo. Thompson alikuwa msichana wa miaka 17, akaanza kulegea karibu na mwisho. Rosenfeld, aliyekuwa na umri mkubwa na mwenye nguvu bado, alimkaribia, akamtia moyo, na badala ya kumpita akakaa nyuma yake ili mdogo yule atoke wa nne na yeye awe wa tano. Hiyo ndiyo tabia njema tunayoihubiri kila siku.

Bi. Hitomi alipovuka mstari alianguka chini. Alikuwa amekimbia masafa asiyoyazoea kwa nguvu zote alizojaliwa na Mwenyezi Mungu. Alipopata fahamu zake alikuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata nishani ya Olimpiki. Siku hiyo hiyo mwenzake Mikio Oda alishinda kuruka hatua tatu, akawa Mjapani wa kwanza kupata nishani ya dhahabu. Bendera ya Japani ilipandishwa mara mbili siku moja.

KALAMU ILIYOPOTEA NJIA

Basi lililofuata ndilo lililotufanya tuandike habari hizi.

Kuna waandishi waliokuwa uwanjani na wengine ambao hawakuwapo, wote wakaandika kwamba mbio ile ilikuwa msiba. Ikasemwa kuwa walianza wanawake kumi na mmoja, watano wakaacha njiani, na watano wengine wakazimia baada ya kumaliza. Ikasemwa kwamba uwanja ulijaa miili ya wanawake waliokata roho nusu. Wengine wakaongeza kuwa mwanamke akikimbia mbali hivyo atazeeka kabla ya wakati wake na hatazaa.

Ukweli ni huu. Walianza tisa, na wote tisa walimaliza. Filamu iliyopigwa siku ile ipo na inaonekana hivyo. Ni kweli kuwa wako waliolala nyasini kwa kuchoka, kama wanavyolala wanaume baada ya mbio hizo hizo hadi leo, wala hakuna anayesema wanaume wapigwe marufuku. Waliosema kumi na mmoja hawakuhesabu. Lakini habari ilikuwa imekwisha kutoka, na neno likitoka halirudi.

Dini yetu imetuamrisha kwamba akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuichunguze kwanza tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wakubwa wa riadha hawakuchunguza. Walizipokea habari hizo kwa mikono miwili, kwani ziliafiki yale waliyokuwa wakiyataka tangu mwanzo. Wako waliopigania wanawake waondolewe kabisa katika riadha ya Olimpiki. Hilo halikufaulu, lakini mita 800 zikafutwa. Mwaka 1932 na 1936 mbio ndefu kuliko zote kwa mwanamke katika Olimpiki zilikuwa mita 100. Mwaka 1948 zikaongezwa mita 200, ikawa hapo ndio mwisho wa ruhusa.

Huenda msomaji akasema kuwa mambo ya mwanamke kukimbia hadharani na mavazi ya uwanjani yana hukumu zake kwetu, na kila jamii ina stara yake. Ni sawa, na hata kule Japani wako wazee waliokereka kwa kuona msichana ameacha miguu wazi mbele ya watu, wakamwandikia Bi. Hitomi maneno makali. Lakini suala la stara ni mbali, na suala la kusema uongo ni mbali. Wakubwa wale hawakuzungumza juu ya stara. Walisema mwanamke hawezi, na ushahidi wao ulikuwa wa kuzua.

SAFARI YA PRAGUE

Bi. Hitomi alirudi kwao akapokewa kwa shangwe, akaendelea na kazi ya gazeti, akaandika na vitabu. Lakini hakutaka tena kuwa peke yake. Alizunguka katika mashule kutafuta wasichana wenye vipaji, na Michezo ya Dunia ya Wanawake ya mwaka 1930 mjini Prague ilipokaribia, aliazimia kwenda na timu. Fedha hazikuwapo. Zikachangwa, na wasichana wa shule nchi nzima wakatoa senti zao. Kwa mchango huo Bi. Hitomi aliondoka na wadogo zake watano, akiwa kiongozi wao, mwalimu wao na mshindani mkubwa wao.

Mjini Prague, mwezi Septemba, alishinda kuruka mbali kwa mita 5.90. Akawa wa tatu katika mita 60, wa tatu katika kurusha mkuki, na wa pili katika mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo. Timu ya wasichana sita kutoka ng'ambo ya dunia ikatoka ya nne. Tena katika mashindano hayo hayo mita 800 zilikimbiwa na wanawake, mshindi akiwa Gladys Lunn wa Uingereza, na hakuna aliyekufa. Ushahidi ulikuwa wazi kwa aliyetaka kuutazama.

Baada ya Prague hawakupumzika. Waliendelea kushindana Poland, Ujerumani, Ubelgiji na Ufaransa, mji baada ya mji, Bi. Hitomi akiingia katika mchezo baada ya mchezo kwani wenzake walikuwa bado wachanga. Mwili ulikuwa ukimlalamikia naye hakuusikiliza.

Waliporudi Japani mwezi Novemba, walikuta mambo yamebadilika. Mcheza kwao hutuzwa, wamesema wahenga, lakini mara nyingine mcheza kwao hulaumiwa. Watu waliotoa senti walikuwa wametazamia dhahabu tele, na nafasi ya nne haikuwaridhisha. Kulikuwa na manung'uniko. Wasichana wale watano waliumia kwa maneno hayo, na Bi. Hitomi akaumia zaidi kwa ajili yao.

Alilofanya yeye ni kushika njia tena. Alikwenda shule moja hadi nyingine kuwashukuru waliochanga, akitoa hotuba, huku akitimiza kazi yake ya uandishi bila ya kuchukua mapumziko. Ni kama mtu aliyeona kuwa ana deni na hataki kulala nalo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1931, majira ya kuchipua, alianza kukohoa damu. Mwezi Aprili akalazwa hospitali mjini Osaka kwa maradhi ya utando wa mapafu. Maradhi yakazidi, yakawa homa kali ya mapafu. Siku zile hazikuwa na dawa hizi tulizo nazo za kuua vijidudu. Alifariki dunia tarehe 2 Agosti 1931, miaka mitatu kamili, siku kwa siku, tangu mbio ya Amsterdam. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Wako waliosema ni riadha iliyomuua, na hata hilo likatumiwa kuwatisha wasichana. Aliyemtazama kwa haki ataona msichana aliyebebeshwa mzigo wa taifa zima, akanyimwa nafasi ya kupumzika, na akaona haya kuuomba. Mbio alizipenda, na zilimpa furaha. Kilichomchosha ni kulazimika kuthibitisha kila siku kuwa ana haki ya kuwapo uwanjani.

Mjini Prague, ambako alishinda kwa mara ya mwisho katika mashindano makubwa, liliwekwa jiwe la kumkumbuka. Wageni walimkumbuka mapema.

MLANGO KUFUNGULIWA

Mita 800 za wanawake zilirudishwa katika Olimpiki ya Roma, mwaka 1960. Mshindi alikuwa Lyudmila Shevtsova wa Urusi ya Kisovyeti, kwa dakika 2 na sekunde 4.3. Baada ya hapo mlango ukafunguka polepole: mita 400 mwaka 1964, mita 1500 mwaka 1972, na marathoni mwaka 1984.

Sisi Wakenya nasi tuliingia kwa mlango huo. Mwaka 1968 wasichana watatu, Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai, walikwenda Mexico wakiwa wanawake wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki. Ilichukua miaka mingine 40 kabla ya mwanamke wa Kenya kupata dhahabu, na alipoipata, mwaka 2008 mjini Beijing, aliipata katika mita 800 zile zile. Huyo ni Pamela Jelimo, aliyekuwa na miaka 18, na muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 54.87. Kutoka Amsterdam mpaka Beijing ni miaka 80 kamili. Baada yake akaja Faith Kipyegon na dhahabu zake za mita 1500, na leo hakuna mtoto Kenya anayeweza kuaminishwa kwamba mwanamke hawezi kuzunguka uwanja mara mbili.

Katika Japani kwenyewe, ilipita miaka 64 kabla ya mwanamke mwingine kupata nishani ya riadha. Yuko Arimori alitoka wa pili katika marathoni ya Barcelona mwaka 1992. Naye, kwa kudura ya Mola, ni mzaliwa wa Okayama, mji wa Kinue Hitomi. Mbio ile ilikimbiwa jioni ya tarehe 1 Agosti kule Hispania, lakini Japani jua lilikuwa limekwisha tua na usiku umeingia tarehe 2 Agosti. Katika michezo hiyo hiyo Hassiba Boulmerka, binti wa Kiislamu kutoka Algeria, alishinda mita 1500, naye pia alikuwa amevumilia maneno mengi kwao kabla ya kufika.

Siku hizi mji wa Okayama huandaa mbio za wanawake za kila mwaka, na moja ya zawadi zake ina jina la Hitomi. Wasichana hukimbia kilomita kumi, ambazo ni zaidi ya mara kumi na mbili ya zile mita 800 zilizosemekana kuwa zitawaua, kisha wanakwenda zao nyumbani kupika.

Sisi tulio katika kazi ya magazeti tuna lingine la kuchukua katika maisha ya mwenzetu huyu. Waandishi wachache walishindwa kuhesabu mpaka tisa, na kwa kosa hilo wanawake wa vizazi viwili walinyimwa haki yao. Uongo ule uliandikwa kwa asubuhi moja. Kuufuta kulichukua miaka 32, na wengi walioumizwa nao walikuwa wamekwisha kufa.